Mwanafunzi aliyewafundisha walimu wake kusoma



Leo kanisani, kabla ya somo la kwanza, tazama benchi lililo mbele yako. Hutakosa kumwona bibi mmoja akimpa mjukuu simu ili amfungulie Biblia. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha mtoto Baba Yetu, akairudia kila usiku mpaka ikakaa kichwani. Sasa yeye ndiye anayeuliza abonyeze wapi na maandishi yakuzwe vipi. Wengine tunacheka. Wengine hatucheki, hasa sisi tuliozoea kusimama mbele na kufundisha, kwa sababu tunajua zamu yetu inakuja, kama haijafika. Hata shuleni ni hivyo hivyo. Mwalimu mwenye miaka ishirini kazini analetewa chombo kipya darasani, na anayejua kukiwasha ni kijana wa dawati la nyuma.

Nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyekaa pande zote mbili za jambo hili, kwanza kama mwanafunzi, kisha kama mwalimu. Jina lake umelisikia: Louis Braille, Mfaransa aliyewapa wasioona maandishi ya nukta nundu. Labda hukujua kwamba alikuwa mtu wa kanisa na mpiga kinanda wa Misa, na kwamba kazi iliyolikuza jina lake aliifanya akiwa na umri wa vijana wetu wa kipaimara.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko na hatamu za farasi. Louis alipokuwa na miaka mitatu aliingia katika karakana ya baba yake, akachukua chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Jicho likaoza. Ugonjwa ukahamia la pili, na alipofikia miaka mitano hakuona tena kitu chochote.

Mzazi mwenzangu, huhitaji kuambiwa baba yule aliishi na nini moyoni kila alipoketi kufanya kazi na chombo kile kile. Lakini hakumficha mwanawe ndani. Inasimuliwa kwamba alipigilia misumari kwenye ubao kwa umbo la herufi ili mtoto azipapase. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alimwita nyumbani kwake akamfundisha dini na mambo ya dunia. Kisha mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, alikubali kumpokea darasani pamoja na watoto wanaoona. Wakati huo mtoto asiyeona wa familia ya kawaida alitazamiwa kuishia kuombaomba. Louis alisikiliza tu, akashika yote kichwani, na akawa miongoni mwa wanaoongoza. Wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa na mikono mitupu.

Februari 1819, akiwa na miaka kumi, alipelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona. Shule hiyo ilikuwa na historia njema. Ilianzishwa na Valentin Haüy, mtu aliyekuwa na macho yake mawili mazima, mwaka 1785. Mwanafunzi wake wa kwanza, François Lesueur, alikuwa kijana aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni mwa kanisa. Haüy alibuni njia ya kugandamiza herufi kubwa kwenye karatasi iliyoloweshwa ili zinyanyuke, na vidole vizifuate. Ulimwengu wa wakati ule ulishangaa kumwona kipofu akisoma.

Tumpe Haüy heshima yake. Lakini njia yake ilikuwa na kasoro ambayo mtu mwenye macho asingeiona upesi. Herufi zile zilikuwa zile zile zinazopendeza machoni, zimepewa unene tu. Kidole kilipaswa kuzunguka kila herufi pole pole, kona kwa kona, mpaka mtu afike mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito mno, na vichache. Tena mwanafunzi hakuweza kuandika nazo. Hakuweza kunakili somo, wala kuandika barua nyumbani, wala kumjibu mwalimu kwa maandishi. Wageni waliotembelea shule walifurahi kuona jinsi watoto wanavyosoma. Waliopapasa ni watoto, na hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1821 ulileta mambo mawili. Shule ilipata mkurugenzi mpya, Alexandre-René Pignier, daktari na mtu wa ibada. Na afisa wa zamani wa jeshi, Charles Barbier, alileta mfumo wake wa kuandika kwa nukta. Barbier alitumia safu mbili za nukta, hadi sita kwenda chini kila safu, na kila mkusanyiko ukawakilisha sauti. Alikuwa na kibao na kalamu ya chuma yenye ncha, ya kuchomea karatasi. Pignier angeweza kuuweka mfumo ule kabatini. Badala yake aliwapa wanafunzi waujaribu.

Hebu tusimame hapa kidogo, msomaji. Unamkumbuka mzee Eli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Macho yake yalikuwa yamefifia, na kijana Samweli alilala karibu na sanduku la Mungu. Sauti ilipoita usiku, mtoto alimkimbilia mzee, kwa kuwa hakujua sauti nyingine. Mara ya tatu Eli alitambua kwamba Bwana anamwita mtoto, si yeye. Akamfundisha jinsi ya kuitika, akamwacha aende. Asubuhi mzee yule ndiye aliyemwomba mtoto amweleze neno lililosemwa, tena neno lilikuwa chungu kwake. Kila ninapoisoma sura ile namwonea Eli huruma, lakini pia naona alichofanya kama mwalimu. Hakudai kwamba sauti, kwa kuwa imeingia katika nyumba yake, ni lazima iwe imemjia yeye kwanza. Pignier alifanana naye kwa upande huo. Yeye aliona kwa macho, nao waliona kwa vidole, na katika jambo la vidole aliwaachia wao waseme.

Nao walisema. Vijana walipenda nukta mara moja, maana ncha ya kidole hutambua nukta upesi kuliko mstari uliopinda. Lakini Louis, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliona matatizo. Mkusanyiko wa Barbier ulikuwa mrefu kuliko ncha ya kidole, hivyo msomaji alilazimika kupanda na kushuka ndipo apate sauti moja. Haukuonyesha tahajia, ila matamshi tu. Haukuwa na vituo, tarakimu wala muziki. Barbier aliukusudia uwe mwepesi kwa watu wasiosoma, na tahajia aliiona ni mzigo. Hapo ndipo mwalimu mwema na mwanafunzi mwema waliposhindwa kukubaliana. Barbier aliona inatosha maskini waandikiane habari. Louis alitaka elimu yote, ile ile wanayopewa wenye macho, pamoja na sarufi yake, hesabu zake na noti zake.

Kwa miaka mitatu alifanya kazi baada ya masomo, usiku bwenini, na wakati wa likizo kule Coupvray, kwa karatasi, kibao na kalamu ya ncha. Ndiyo, kalamu ile inafanana na kile chombo cha karakana ya baba yake, nawe utakuwa umekwisha kuliwaza hilo. Aliwapa wenzake wasome alichoandika, wakamwambia kinachosomeka na kisichosomeka. Mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, mfumo ulikuwa umesimama: nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, zinazotoshea chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Nukta sita zinatoa mipangilio 63. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu. Kumi zinazofuata ni zile zile, zimeongezewa nukta moja chini. Mtoto akijua za kwanza, ameshajua nusu ya njia.

Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kuueleza mfumo wake kwa ajili ya maneno na kwa ajili ya muziki, ukiwamo wimbo wa Misa. Kitabu chenyewe kilichapwa kwa herufi za kunyanyuka za Haüy, maana ndizo mitambo ya shule iliyokuwa ikizijua. Ndani yake alimshukuru Barbier na kukiri kwamba wazo la kwanza lilitoka kwake. Angeweza kukaa kimya, nasi tungemsamehe.

Na hakudhani kwamba amemaliza. Mfumo wa mwanzo ulikuwa na vistari vidogo pamoja na nukta. Vidole havikuvipenda, na katika toleo la mwaka 1837 alivifuta. Kuna herufi moja pia ambayo haikuwamo katika mpangilio wake, nayo ni w, kwa sababu Kifaransa cha siku zile hakikuihitaji. Iliongezwa baadaye, na mpaka leo inakaa nje ya mstari, haifuati kanuni ya jirani zake. Mtoto wa shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma, au ya Thika kule Kenya, hukutana nayo kila anapopapasa ukurasa wa Kiswahili. Bila hiyo w iliyochelewa huwezi kuandika walimu, wala wanafunzi, wala wokovu.

Wakati huo Louis mwenyewe alikuwa ameanza kufundisha pale pale shuleni, na mwaka 1833 alithibitishwa kuwa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, hesabu, jiografia, historia na muziki. Jumapili alipiga kinanda katika makanisa ya Paris, kwa miaka kadhaa akiwa Saint-Nicolas-des-Champs. Wewe uliye kwenye kwaya utaelewa: mpiga kinanda asiyeona hawezi kusoma noti kwa vidole huku anapiga kwa vidole hivyo hivyo. Husoma kipande, hukishika kichwani, kisha hupiga. Ndiyo sababu noti za nukta zilikuwa riziki kwa vijana wale. Kijana aliyejua muziki angeweza kuajiriwa kanisani na kula jasho lake.

Mwalimu Louis alikuwa mpole, na hela zake hazikukaa mfukoni. Mwanafunzi aliyekwama alimkopesha. Alianza pia kukohoa. Jengo la shule lilikuwa kuukuu, lenye unyevu, na kifua kikuu kilimwingia akiwa bado kijana.

Mwaka 1839 alibuni kitu kingine, na hiki huwa hakitajwi sana. Aliona kwamba nukta zake zinawaunganisha wasioona wao kwa wao, lakini mama aliye kijijini hawezi kusoma barua ya mwanawe. Akatunga njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili barua iandikwe na asiyeona na isomwe na anayeona bila kujifunza chochote. Kuichora kwa mkono kulichukua muda. Mwanafunzi wa zamani wa shule ile, Pierre Foucault, naye asiyeona, mwenye kipaji cha ufundi, akamtengenezea mashine ya kuandika njia hiyo. Huyu alileta wazo na yule akaleta chuma. Ni miongo kadhaa kabla ya mashine za kuchapa kuenea maofisini.

Sasa nifike mahali panapouma. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na uongozi ukachukuliwa na Pierre-Armand Dufau. Dufau hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Aliogopa kwamba watoto wakiwa na maandishi yao peke yao watatengwa na jamii, watakuwa kama kisiwa. Hofu hiyo si ya kudharau, hata leo wazazi wengi wanayo. Kwa hiyo alirudisha herufi za kunyanyuka, za mtindo mpya, na nukta za Louis zikapigwa marufuku darasani.

Mfikirie mwalimu Louis. Ana miaka thelathini na kidogo, anakohoa, anaajiriwa na shule ile ile, na anaamriwa asitumie kitu ambacho Mungu alimpa akiwa mtoto. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliitisha mgomo au alimtukana mkubwa wake. Mimi nakiri nisingeweza kunyamaza hivyo, na sina hakika kama kunyamaza kule kulikuwa kwema kabisa. Lakini wanafunzi hawakunyamaza. Waliendelea kuandikiana kwa nukta kwa siri, wakubwa wakiwafundisha wadogo mabwenini, kwa chochote chenye ncha walichopata. Kwa miaka kadhaa elimu bora ya shule ile ilipita kwa watoto, si kwa walimu wanaoona. Mtoto aliyeonja kuandika jina lake mwenyewe, akalirudia kwa kidole na kulisoma, humrudishi tena kwenye kusoma peke yake.

Aliyegeuza mambo ni msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet. Alikuwa anaona, alikuwa na cheo, na angeweza kushika upande wa mkubwa wake bila lawama. Lakini alichunguza, akawatazama vijana wakifanya kazi, akabadili mawazo yake, kisha akamshawishi Dufau abadili yake. Februari 1844 shule ilipozindua jengo jipya, mbele ya wageni, mfumo wa Louis ulielezwa hadharani na wanafunzi wakaonyesha jinsi wanavyoandika na kusoma kwa nukta. Dufau alikuwapo, na ni yeye aliyeruhusu. Mkurugenzi kukubali mbele ya watu jambo alilolikataza mbele ya watoto si kitu chepesi. Wewe ambaye umewahi kuwa mkuu wa shule, mchungaji au mzazi mkali unalijua hilo.

Louis alikuwapo pia, ila nguvu zilikuwa zimekwisha kupungua. Miaka iliyobaki alifundisha alipoweza na kupumzika alipozidiwa. Desemba 1851 damu ilianza kutoka kifuani. Alipokea sakramenti za mwisho, akawaaga rafiki zake na ndugu zake. Akafariki tarehe 6 Januari 1852, siku ya Tokeo la Bwana, siku tuikumbukayo nyota iliyowaongoza mamajusi. Alikuwa ametimiza miaka 43 siku mbili kabla.

Aliacha sanduku dogo na agizo kwamba lichomwe moto bila kufunguliwa. Wale walioachiwa kazi hiyo walishindwa kujizuia, wakalifungua. Ndani walikuta hati za madeni, za wanafunzi waliomkopa. Wakazichoma zote, kama alivyotaka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, shule iliyokuwa imezikataza nukta zake ilizichukua rasmi. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliupendekeza mfumo huo kwa mataifa mengine, na kwa mikono ya makanisa na wamisionari nukta zile zilifika mpaka kwetu. Alipotimiza miaka mia moja kaburini, mwaka 1952, Ufaransa iliuhamishia mwili wake Panthéon, mahali wanapolazwa watu wao wakubwa. Wanakijiji wa Coupvray waliomba wabaki na kitu. Walipewa mikono yake, na iko pale makaburini kijijini, katika chombo kidogo juu ya kaburi lake la kwanza.